Uzi: Saratani iliyosambaa hadi kwenye ovari – upasuaji unamwongezea nani maisha, na kwa kiasi gani?

#1 Mdogo_Mtu

Wanajukwaa, amani kwenu. Naomba kueleweshwa jambo ambalo limeigawa familia yetu. Dada yangu mkubwa, ambaye bado hajafikisha miaka 50, alipasuliwa saratani ya tumbo la chakula, akamaliza dawa za kemo, na kwa zaidi ya mwaka vipimo vyake vilikuwa safi. Sasa picha za CT zimeonyesha uvimbe katika ovari zote mbili pamoja na maji tumboni, na kwenye ripoti limeandikwa jina la uvimbe wa Krukenberg. Daktari wa dawa anasema ugonjwa ukishafika huko ni wa mwili mzima, hivyo kisu hakina kazi. Daktari wa upasuaji anasema ovari zitolewe, kisha dawa ziendelee. Nimesoma mahali kwamba wagonjwa wa aina hii huishi miezi saba, na mahali pengine kwamba wapo waliopita miaka mitatu, nami sielewi takwimu hizo zinawezaje kuwa za ugonjwa mmoja. Sitafuti wa kumtibu humu. Nataka kuzijua hoja za kila upande ili nikikaa mbele ya madaktari nijue cha kuuliza.

#2 Lenzi_ya_Maabara

Pole kwa kuuguza, ndugu. Ninafanya kazi katika maabara ya patholojia, kwa hiyo nitaanzia pale ninapopajua, na kwa maoni yangu ndipo sehemu kubwa ya jibu la takwimu zako ilipo.

Saratani zilizosambaa hadi kwenye ovari ni kundi la magonjwa mengi yaliyokutana katika kiungo kimoja. Kwa makadirio mengi ni asilimia 10 hadi 25 hivi ya saratani zote zinazokutwa kwenye ovari, na kiwango hupanda pale ambapo saratani ya tumbo la chakula ni ya kawaida, kama Japani. Zinaweza kuwa zimetoka tumboni, kwenye utumbo mpana, kidole tumbo, titi, kongosho, kifuko cha nyongo au mji wa mimba. Mwanamke mwenye saratani ya tumbo la chakula na mwenye saratani ya kidole tumbo ya daraja la chini wanaweza kuwa na picha za CT zinazofanana sana, lakini mmoja akazungumziwa kwa miezi na mwingine kwa miaka mingi. Makala ikiwachanganya wote katika hesabu moja, jibu lake halimhusu yeyote kati yao.

Friedrich Krukenberg alieleza uvimbe unaobeba jina lake mwaka 1896 nchini Ujerumani, na aliamini kuwa ni sarkoma, yaani saratani ya nyama za kushikiza, iliyozaliwa ndani ya ovari yenyewe. Mwaka 1902 Schlagenhaufer alionyesha kuwa ulikuwa umesafiri kutoka kiungo kingine, mara nyingi tumbo la chakula. Kwa maana yake kamili, jina hilo ni la uvimbe wenye seli zilizojaa ute, ambazo kiini chake kimesukumwa pembeni hata seli ikafanana na pete ya muhuri, huku nyama ya ovari inayozizunguka ikiwa imeongezeka sana. Takriban asilimia 70 ya uvimbe wa namna hiyo hutoka tumboni, na mara nyingi, kama asilimia 80 hivi, ovari zote mbili huathirika. Siku hizi, hata hivyo, baadhi ya madaktari huliandika kwa saratani yoyote iliyohamia kwenye ovari, kwa hiyo ukisoma utafiti angalia kwanza walihesabu nini.

Swali la pili kwa maabara ni kama uvimbe huu umethibitishwa kwa darubini au umekisiwa kutokana na historia. Kwa uvimbe wenye ute, mwaka 2003 ilipendekezwa kwamba ukiwa pande zote mbili, au ukiwa upande mmoja bila kufika sentimita 10, uhesabiwe kuwa umetoka kwingine, na mwaka 2008 wataalamu wengine wakapendekeza mpaka usogezwe hadi sentimita 13. Kanuni hiyo husaidia, lakini saratani ya utumbo mpana huivunja mara kwa mara, kwa sababu inaweza kujenga uvimbe mkubwa sana katika ovari moja. Ndiyo maana tunapaka rangi za kinga, zinazoonyesha protini za seli ili kujua zimetoka wapi: CK20 na SATB2 hutuelekeza kwenye utumbo mpana, GATA3 kwenye titi, PAX8 kwenye ovari yenyewe au mji wa mimba. Tumbo la chakula halina alama yake moja ya kuaminika, na hapo historia ya mgonjwa na vipande vya upasuaji wa kwanza huwa na thamani kuliko rangi yoyote. Omba vipande vya zamani viwekwe kando ya vipya na kutazamwa na mtu yule yule.

Neno moja kuhusu vipimo vya damu: alama iitwayo CA-125 hupanda katika saratani ya ovari na pia katika saratani iliyosambaa kwenye utando wa fumbatio, hivyo ikiwa peke yake haitenganishi. Wengi hutazama uwiano wake na CEA, alama nyingine ya damu ambayo hupanda zaidi katika saratani za utumbo. CA-125 ikizidi CEA kwa zaidi ya mara 25, chanzo huelekea kuwa ovari, na ikiwa chini ya hapo, tumbo na utumbo vichunguzwe kwa endoskopi kabla ya mtu kushika kisu.

#3 Mshono_Mwembamba

Nakubaliana na Lenzi, nami naandika kwa upande wa upasuaji wa saratani. Ndugu Mdogo Mtu, madaktari wako wote wawili wana hoja, na ni vyema kila moja isikilizwe kwa uzito wake.

Hoja ya daktari wa dawa ni kwamba seli zilizofika kwenye ovari zilipita kwenye damu, limfu, au zilidondoka kutoka tumboni na kuelea ndani ya fumbatio, kwa hiyo ni nadra ovari ziwe kituo pekee. Ukizitoa, seli zilizobaki kwingine zinaendelea na safari yake. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu hakuna daktari mwangalifu anayeahidi kuponya saratani ya tumbo la chakula kwa kutoa ovari.

Hoja ya daktari wa upasuaji inatokana na jambo ambalo tumeliona mara nyingi kiasi cha kutolipuuza: kemo inapopunguza uvimbe wa ini au wa tezi za limfu, uvimbe wa ovari kwa mgonjwa yule yule unaweza kuendelea kukua. Limeandikwa vizuri zaidi katika saratani ya utumbo mpana, lakini huonekana pia katika ile ya tumbo. Wapo wanaosema ovari ni kimbilio ambako dawa haifiki ipasavyo. Wengine wanaona ni mazingira ya homoni na damu nyingi ya mwanamke ambaye hajakoma hedhi. Sababu yake haijakubaliwa na wote. Kinachoonekana kitandani ni kwamba ovari yenye uvimbe hukua haraka, hukandamiza utumbo na kibofu, hujikunja na kuleta maumivu makali, au hupasuka. Mgonjwa anayeshindwa kula kwa sababu ya uvimbe uliojaza nyonga hataweza kuendelea na kemo pia, na hapo upasuaji una faida hata kama haugusi muda wa kuishi moja kwa moja.

Sasa, nani hufaidika? Katika tafiti nyingi zilizopekua majalada ya wagonjwa wa saratani ya tumbo la chakula, hasa kutoka Korea Kusini, China na Japani, mambo yale yale hujirudia. Wanaoishi muda mrefu zaidi baada ya upasuaji ni wale ambao hali yao ya mwili ni nzuri, ugonjwa haujatapakaa kwenye utando wa fumbatio, saratani ya mwanzo imeshaondolewa au imedhibitiwa, ovari zilijitokeza baadaye badala ya kukutwa siku moja na uvimbe wa tumbo, na zaidi ya yote, mpasuaji aliweza kuondoa kila kinachoonekana kwa macho. Kikibaki kitu, faida hupungua sana, na wakati mwingine hupotea.

Kwa hiyo kabla ya kupasua tunataka picha ya CT ya kifua na tumbo, na mara nyingi tunaingiza kamera kwa tundu dogo ili kutazama utando wa fumbatio, kwa kuwa saratani yenye seli za pete ya muhuri hujificha. CT huikosa ikiwa imetandaa kama vumbi, na hata PET, picha inayofuatilia sukari iliyotiwa mionzi mwilini, huweza kuipita kwa sababu seli zilizojaa ute hazinywi sukari ya kipimo vya kutosha. Kiasi cha ugonjwa tunakihesabu kwa kipimo kilichotokana na kazi ya mpasuaji Paul Sugarbaker, yaani fumbatio hugawanywa maeneo 13, kila eneo likapewa alama 0 hadi 3, na jumla yake haizidi 39. Kwa saratani ya tumbo la chakula, alama zikipita chache tu hatuoni faida ya upasuaji mkubwa. Kwa uvimbe wa kidole tumbo wa daraja la chini, alama nyingi hazizuii.

Tukiamua kupasua, tunatoa ovari zote mbili pamoja na mirija, hata kama moja inaonekana nzima, kwa sababu ile inayoonekana nzima mara nyingi ina mbegu zisizoonekana. Uvimbe hutolewa bila kupasuka. Mji wa mimba hauondolewi kwa desturi tu. Huondolewa ukiwa umeshikwa.

#4 Mdogo_Mtu

Nashukuru sana, madaktari. Swali dogo: nimeambiwa kwamba uwepo wa maji tumboni ni dalili ya kuwa ugonjwa umetapakaa, na sasa kuna maji kidogo hata upande mmoja wa mapafu. Je, hilo halifungi mjadala wa upasuaji?

#5 Mshono_Mwembamba

Halifungi hadi maji yapimwe. Mara nyingi maji tumboni ni ishara mbaya, na katika karibu kila utafiti wagonjwa wenye maji mengi huishi muda mfupi zaidi. Hata hivyo, kuna hali inayoitwa Meigs bandia, ambapo uvimbe wa ovari, ukiwemo uliohamia kutoka tumboni au utumbo mpana, husababisha maji ya tumbo na ya kifua bila seli za saratani kuwemo ndani yake. Uvimbe ukitolewa, maji hukauka yenyewe katika siku au wiki chache. Nimewaona wagonjwa walioandikwa kuwa ugonjwa umefika kwenye mapafu, wakanyimwa upasuaji kwa sababu hiyo, na hakuna aliyekuwa amevuta maji hayo kwa sindano na kuyapeleka maabara. Huo ni uzembe unaokwepeka. Yavutwe, yapimwe, na ikiwezekana yapimwe zaidi ya mara moja, kwa kuwa sampuli moja isiyo na seli haitoshi kuthibitisha usafi.

Nyongeza, maana familia hushtuka zikiiona: nyama ya ovari inayozunguka uvimbe wa aina hii huweza kuanza kutengeneza homoni. Mwanamke akaota nywele usoni, sauti ikawa nzito, au aliyekoma hedhi akatokwa damu tena. Imeonekana zaidi kwa wajawazito. Dalili hizo nyingi hutulia uvimbe ukiondolewa, ingawa sauti si lazima irudi kama zamani.

#6 Takwimu_Baridi

Ninaheshimu yaliyoandikwa hapo juu, lakini ni lazima mtu aseme kwa nini daktari wa dawa hajashawishika, na sababu yake ni ya hesabu.

Mdogo Mtu aliuliza miezi saba na miaka mitatu zinawezaje kuwa za ugonjwa mmoja. Kwa saratani ya tumbo la chakula iliyofika kwenye ovari, tafiti nyingi za majalada huonyesha muda wa kati wa miezi 6 hadi 12 hivi kwa waliopewa dawa peke yake, na miezi 14 hadi 24 hivi kwa waliopasuliwa na kupewa dawa. Muda wa kati ni ule ambao nusu ya wagonjwa bado wako hai; nusu nyingine ya hadithi, wale walioishi zaidi, haionekani katika namba hiyo. Kwa mtazamo wa haraka upasuaji unaongeza maisha maradufu. Tatizo ni namna makundi mawili yalivyopatikana.

Chukua wanawake 100 wa mfano wanaoanza kemo siku moja, na tuseme mpasuaji atawachagua baada ya miezi minne wale wanaoendelea vizuri. Tuseme 20 wanafariki au kudhoofika kabla ya miezi hiyo minne kuisha. Hao 20 wote wanahesabiwa katika kundi la wasiopasuliwa, kwa kuwa hawakufika siku ya uchaguzi. Waliopasuliwa, kwa upande wao, wamehakikishiwa miezi minne ya kuishi kabla kisu hakijawagusa. Hata kama upasuaji ungekuwa hauna faida yoyote, kundi lao lingeonekana limeishi zaidi. Ongeza hapo kwamba walichaguliwa kwa kuwa na nguvu, ugonjwa mdogo na mwitikio mzuri wa dawa, yaani sifa zile zile ambazo zingewapa maisha marefu bila kisu. Marekebisho ya kitakwimu hupunguza upotofu huu, lakini hayawezi kurekebisha kile ambacho hakikuandikwa kwenye jalada, kama vile mpasuaji kumtazama mgonjwa na kuhisi kuwa hataweza.

Dawa ya upotofu huo ni jaribio ambalo mgonjwa hupangiwa kundi kwa bahati nasibu. Pale yalipofanyika kwa saratani ya tumbo iliyosambaa, matokeo yamekuwa baridi. Jaribio la REGATTA la Japani, Korea Kusini na Singapore, lililochapishwa mwaka 2016, lilipanga wagonjwa 175 kati ya kemo peke yake na kukatwa tumbo kisha kemo. Muda wa kati ulikuwa miezi 16.6 kwa kemo peke yake na 14.3 kwa waliokatwa. Kabla ya hapo, majalada yalikuwa yakionyesha kwamba kukata husaidia. Mwaka 2024 matokeo ya jaribio la Ujerumani liitwalo RENAISSANCE nayo hayakuonyesha faida kwa jumla, na waliokuwa na ugonjwa kwenye utando wa fumbatio ndio walioonekana kuumizwa zaidi na upasuaji.

#7 Mshono_Mwembamba

Ndugu Takwimu, hesabu yako ya upotofu naikubali bila kupunguza neno. Ila tuwe sawa kuhusu kile kilichopimwa. REGATTA iliuliza kama kukata tumbo la chakula husaidia mtu ambaye ugonjwa tayari uko kwingine, na operesheni hiyo humwacha mgonjwa akiwa amekonda, anakula kidogo, na hawezi kumaliza dozi za dawa. Waliokatwa walipata kemo pungufu, na huenda hilo lilichangia. Haikuuliza kuhusu kutoa ovari, operesheni ambayo kwa ugonjwa uliobaki kwenye nyonga huweza kufanyika bila kugusa njia ya chakula. Dada yake Mdogo Mtu tayari amekwisha kukatwa tumbo, na ugonjwa wake ulirudi baadaye. Kuna pengo kati ya jaribio hilo na mgonjwa huyu.

#8 Takwimu_Baridi

Pengo lipo, nakubali. Lakini pengo la ushahidi halijazwi na matumaini. Ninachosema ni kwamba mgonjwa aambiwe ukweli: faida inawezekana, ukubwa wake haujapimwa kwa haki, na namba za majalada ni kadirio la juu. Akisikia hivyo na bado akachagua upasuaji, uamuzi huo ni wa heshima.

#9 Bi_Subira

Nimesoma uzi huu kwa moyo mzito kidogo, kwa kuwa kila anayejibu anazungumzia tumbo la chakula. Mimi saratani yangu ilikuwa ya utumbo mpana, ilifika kwenye ovari moja, nikatolewa zote mbili, na bado nafuatiliwa. Naomba daktari aeleze kama haya ya kukatisha tamaa yanatuhusu na sisi. Pia mwenzangu wa wodini aliambiwa chanzo chake ni kidole tumbo na kwamba tumbo limejaa ute.

#10 Mshono_Mwembamba

Bi Subira, pole na hongera kwa pamoja. Hapana, hesabu yenu ni nyingine.

Katika saratani ya utumbo mpana, ovari hushikwa kwa asilimia 3 hadi 8 hivi ya wanawake, zaidi wale ambao hawajakoma hedhi. Huko ndiko ule usugu wa ovari kwa kemo ulikoandikwa kwa ushahidi mzuri zaidi, na ndiko upasuaji unakokubaliwa na wengi hata bila jaribio la bahati nasibu. Baada ya kuondoa kila kinachoonekana, tafiti nyingi hutoa muda wa kati wa miaka miwili hadi mitatu na zaidi, na wapo wanaopita miaka mitano, hasa kama ugonjwa uliishia kwenye ovari.

Ugonjwa ukiwa umegusa utando wa fumbatio pia, upasuaji hupanuka: huondolewa utando wenye vidonda pamoja na viungo vilivyoshikwa, na baadhi ya vituo huosha fumbatio kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto kabla ya kufunga. Hapa Ndugu Takwimu atafurahi, maana tuna jaribio. PRODIGE 7 la Ufaransa, lenye wagonjwa 265, liliwapa wote upasuaji kamili kisha likawagawa kwa bahati nasibu kati ya kuoshwa kwa oksaliplatini ya moto na kutooshwa. Muda wa kati ulikuwa miezi 41.7 kwa waliooshwa na 41.2 kwa wasiooshwa. Dawa ile ya moto haikuongeza kitu, na matatizo ya baadaye yalikuwa mengi zaidi. Ila itazame namba yenyewe: zaidi ya miaka mitatu, kwa ugonjwa ambao zamani ulihesabiwa wa miezi, katika wagonjwa waliochaguliwa vizuri na kupasuliwa kwa ukamilifu.

Kuhusu mwenzako wa wodini, tumbo lililojaa ute kutoka kwenye uvimbe wa kidole tumbo ni ugonjwa wa peke yake. Kwa miaka mingi tulidhani huanzia kwenye ovari, kwa kuwa ndiko ulikoonekana mkubwa. Sasa tunajua kwamba karibu kila mara chanzo ni kidole tumbo. Utafiti mmoja mkubwa wa vituo vingi, uliochapishwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 2,298 waliopasuliwa kwa ukamilifu kadiri ilivyowezekana na wengi wao kuoshwa kwa dawa ya moto, ulionyesha kuwa asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka 10. Mgonjwa wa namna hiyo akipelekwa kwenye kemo ya kawaida kwa sababu tu ripoti imesema ovari zimeshikwa, amepotezewa nafasi kubwa. Apelekwe kituo kinachofanya upasuaji huo mara kwa mara. Hapa uzoefu wa timu una uzito kuliko kitu kingine chochote.

#11 Mkunga_Mstaafu

Naomba kuongeza upande wa titi, kwa kuwa wengi wanaosoma humu watakuwa wamepitia huko. Mwanamke aliyewahi kuwa na saratani ya titi akipata uvimbe kwenye ovari, msikimbilie kusema imesambaa. Mara nyingi zaidi huwa ni saratani mpya ya ovari, hasa kwa wenye kasoro ya jeni za BRCA, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Ikiwa kweli ni titi, mara nyingi ni ile aina ya vilobu, yaani inayoanzia kwenye vifuko vya kutengeneza maziwa, nayo husikiliza dawa za homoni, kwa hiyo upasuaji hufanywa ili kupata uhakika wa kipimo au kupunguza dalili. Inafurahisha kwamba mwaka ule ule wa 1896 ambao Krukenberg aliandika, George Beatson wa Glasgow naye alichapisha habari ya kutoa ovari ili kuituliza saratani ya titi iliyoshindikana, wakati ambapo homoni zenyewe zilikuwa bado hazijajulikana.

Mji wa mimba nao una habari njema kidogo. Saratani ya daraja la chini ikikutwa kwenye mji wa mimba na kwenye ovari moja, bila kupasua gamba la ovari na bila kuingia sana kwenye msuli wa mji wa mimba, matokeo yake huwa mazuri kiasi kwamba mfumo wa mwaka 2023 wa kupanga hatua za saratani wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, umeiweka katika hatua ya kwanza, IA3, ingawa uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba mara nyingi ni saratani moja iliyohama.

Nina swali kwa daktari: kwa nini wasitoe ovari mapema, siku ile ile ya upasuaji wa tumbo au utumbo mpana?

#12 Mshono_Mwembamba

Shikamoo, Mama Mkunga. Ni swali la zamani. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye uvimbe uliopenya ukuta wa utumbo, tunalizungumza naye na wengine hukubali. Kwa mwanamke kijana mwenye ovari zenye afya hatufanyi kwa desturi, kwa sababu wengi hawatapata ugonjwa huko, na haijathibitishwa kwamba kuzitoa mapema huongeza maisha, ilhali kukoma hedhi ghafla kuna gharama ya mifupa, moyo na usingizi. Njia ya kati ni kuzitazama kwa macho ndani ya upasuaji wa kwanza, na kuzifuatilia kwa picha baadaye. Nyonga husahauliwa katika ufuatiliaji wa saratani ya tumbo mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nitoe pia tahadhari moja: limfoma na lukemia huweza kuvimbisha ovari zote mbili kwa kasi ya kutisha, na huko kisu hakina nafasi zaidi ya kuchukua kipande cha kupima. Dawa ndiyo tiba.

#13 Mdogo_Mtu

Maji yamevutwa sehemu zote mbili na maabara haikuona seli za saratani kwa sampuli ya kwanza. Ya pili inasubiriwa. Madaktari wamekubali kukutana pamoja, na wameafiki kuingiza kamera kwanza kabla ya kuamua kitu. Vipande vya zamani vimeombwa. Kabla ya kikao hicho, kuna jambo la dawa ambalo ninapaswa kuwakumbusha?

#14 Mshono_Mwembamba

Mambo matatu. La kwanza, uliza kama uvimbe umepimwa HER2 (protini inayochochea seli za saratani kukua) na kasoro ya urekebishaji wa jeni, na kama upimaji ulifanywa kwenye kipande cha ovari au cha tumbo, kwa kuwa majibu yanaweza kutofautiana. HER2 ikiwepo, trastuzumabu huongezwa kwenye kemo. Kasoro ya urekebishaji ikiwepo, dawa za kuamsha kinga zinaweza kufanya kazi ambayo kisu hakiwezi, na mpango wote ukabadilika.

La pili, mweleze mpasuaji kila dawa aliyopewa miezi ya karibuni. Kama kuna ramusirumabu, ambayo hutumika sana saratani ya tumbo inaporudi, au bevasizumabu kwa wale wa utumbo mpana, dawa hizo huzuia mishipa mipya ya damu na hivyo huchelewesha kidonda kupona. Kwa kawaida husimamishwa angalau siku 28 kabla ya upasuaji mkubwa uliopangwa, na hazirudishwi hadi jeraha lifunge vizuri. Daktari wa dawa analijua hili. Hatari hutokea pale ambapo madaktari wawili hawazungumzi na kila mmoja anadhani mwenzake amelishughulikia.

La tatu, mifupa yake. Aliyekatwa tumbo la chakula tayari hufyonza kalisi na vitamini B12 kwa shida. Akitolewa ovari kabla ya umri wa kukoma hedhi, mifupa hupata pigo la pili. Apangiwe mapema kipimo cha uzito wa mifupa, vitamini D na sindano za B12, na uulizwe ushauri wa homoni za badala. Kwa saratani ya tumbo la chakula homoni hizo mara nyingi hujadiliwa bila kizuizi kikubwa. Kwa aliyewahi kuugua titi lenye vipokezi vya homoni, kwa kawaida huepukwa. Joto la ghafla na kukosa usingizi vitaanza ndani ya siku chache baada ya upasuaji, kwa hiyo mwambieni kabla, asije akadhani ni homa ya kidonda, au akaficha homa ya kweli akidhani ni homoni.